Kituoni, kwa barua au mahakamani? Njia za wafiwa wa ajali za barabarani kupata taarifa rasmi nchini Uganda

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso kwenye barabara ya Kampala–Gulu, wilayani Kiryandongo. Polisi walitangaza kwanza kwamba watu 63 wamefariki, kisha idadi ikashushwa hadi 46. Maelezo yalikuwa kwamba baadhi ya waliookotwa wamezirai walihesabiwa pamoja na waliokufa. Kwa msomaji wa habari hayo ni masahihisho tu. Kwa mtu ambaye ndugu yake alikuwa ndani ya basi, huo ulikuwa muda wa kutojua kama aelekee mochwari au wodini.

Na ajali hiyo angalau ilitangazwa. Kwa hesabu za polisi wenyewe, barabara za Uganda ziliua watu 4,806 mwaka 2023 na 5,144 mwaka 2024, na wengi wao walikuwa juu ya boda au wakienda kwa miguu. Vifo vyao havifiki redioni, lakini nyumbani kwao maswali hayana tofauti: gari lilikuwa la nani, dereva yuko wapi, marehemu alifia palepale au alifika hospitali akiwa na uhai, nani aliona? Majibu mengi yameandikwa mahali fulani, na wafiwa wana haki ya kuyatafuta. Shida ni kwamba kuna njia nne au tano za kuyatafuta, kila moja ina masharti yake, na mtu aliye katikati ya msiba hana nguvu ya kuzijaribu zote. Hapa naziweka bega kwa bega ili familia ichague kwa kujua.

Karatasi mnazozitafuta

Ajali ikiripotiwa, kituo cha polisi huiandika kwenye rejesta ya ajali na kuipa namba inayoanza na herufi TAR, ikifuatiwa na tarakimu na mwaka. Bila namba hiyo, kila ofisi itawarudisha mlikotoka. Chini yake hufunguliwa faili lenye maelezo ya mashahidi, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari (wenyewe humwita IOV) na Fomu ya Polisi 48, ambayo ndiyo ya uchunguzi wa maiti.

Nje ya polisi kuna karatasi nyingine. Hospitali ina kumbukumbu za mapokezi na matibabu, NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu) inatoa cheti cha kifo, na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ina habari za usajili wa magari na leseni za mabasi na teksi. Wizara hiyo pia ndiyo inayoulizwa sasa kuhusu barabara kuu zenyewe, kwa sababu UNRA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, ilivunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi zake zikahamia wizarani. Kama ndugu yenu aligongwa kwenye kona isiyo na alama, au kwenye matengenezo yaliyoachwa wazi usiku bila taa, jibu la kwa nini haliko kituoni hata kidogo.

Familia nyingi huomba "ripoti ya polisi" zikidhani ndiyo faili lote. Ripoti ni muhtasari: tarehe, mahali, namba za magari, majina, bima, na maoni mafupi ya askari kuhusu chanzo. Faili ni mambo mengine kabisa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mshike njia ipi.

Kituoni ana kwa ana, au kwa barua chini ya sheria

Hizi ndizo njia mbili ambazo karibu kila familia itazipitia, na ndizo zinazochanganywa zaidi.

Kwenda kituoni kuna faida ya kasi. Ndugu akifika na kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na taarifa ya kifo kutoka hospitali, anaweza kupata namba ya TAR siku hiyohiyo, jina la mpelelezi, na baada ya muda ripoti yenyewe. Ada ya serikali hulipwa benki kwa namba ya malipo, na risiti hubaki kwenu. Noti inayoombwa mkononi si ada. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili kuna nafuu nyingine: hii ni lugha ya kambi za jeshi na polisi tangu zamani, na askari ambaye hajui Lusamia, Kialur wala Kinyarwanda mara nyingi atakusikiliza kwa Kiswahili. "Afande, habari ya kazi. Nimefiwa, naomba namba ya TAR na jina la mpelelezi" inatosha kuanzia. Lakini maelezo yenu yataandikwa kwa Kiingereza. Kabla ya kutia saini, ombeni msomewe yote kwa lugha mnayoielewa, neno kwa neno, na kosa lirekebishwe hapohapo. Jina la marehemu likiandikwa vibaya siku hiyo, litawasumbua hadi NIRA na hadi bima.

Udhaifu wa kituoni ni kwamba hakuna saa inayohesabu. "Njoo Jumatatu" haivunji sheria yoyote. Mpelelezi akihamishwa, faili likipelekwa kwa mwendesha mashtaka, au mkuu wa trafiki akiwa safarini, hamna karatasi ya kuonyesha kwamba mliwahi kuomba. Nauli ya boda kutoka kijijini, siku ya kazi iliyopotea, mtoto aliyeachwa kwa jirani: gharama za njia hii haziandikwi popote, na kwa mjane asiye na kipato ni kubwa kuliko ada yoyote ya serikali.

Barua inafanya kinyume chake. Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 inampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inaeleza namna ya kuidai. Mnaandika ombi kwa fomu iliyomo kwenye kanuni za 2011, mnalipeleka kwa afisa habari wa taasisi husika, naye ana siku 21 za kujibu. Kisheria afisa habari ni mkuu wa taasisi, kwa hiyo kwa polisi ombi huandikwa kwa Inspekta Jenerali, makao makuu Naguru, na ni busara nakala ipelekwe kwa mkuu wa polisi wa wilaya ya ajali. Hamlazimiki kutaja sababu ya kuomba. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia.

Kinachoitofautisha barua na ziara kumi za kituoni ni hiki: siku 21 zikipita kimya, kimya hicho kinahesabiwa kuwa mmekataliwa, na aliyekataliwa anaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu, kisha Mahakama Kuu. Kituoni, kimya ni kimya tu.

Nayo barua ina ukuta wake. Sheria inaruhusu kunyimwa taarifa ikiwa kuitoa kutaharibu upelelezi au mashtaka, au kutaingilia faragha ya mtu mwingine. Faili la ajali lina vyote viwili, upelelezi na majina ya watu. Ndiyo maana ombi pana hukataliwa kirahisi. Ukiandika "naomba taarifa zote kuhusu kifo cha kaka yangu", umempa afisa sababu ya kukataa kila kitu kwa mstari mmoja. Ukiandika "naomba nakala ya mchoro wa eneo, ripoti ya mkaguzi wa magari kuhusu basi lenye namba fulani, na tarehe ambayo faili TAR namba fulani la kituo fulani lilipelekwa kwa mwendesha mashtaka", atalazimika kujibu kipengele kwa kipengele. Mchoro hauna siri ya mtu. Tarehe haiharibu upelelezi. Na pale ambapo taarifa inaonyesha uvunjaji mkubwa wa sheria au hatari kwa usalama wa umma, sheria hiyohiyo inaagiza itolewe iwapo manufaa ya umma yanazidi madhara. Basi lililokuwa barabarani bila ukaguzi wala leseni ni hoja ya usalama wa umma, na mnapaswa kuiandika hivyo ndani ya ombi.

Kwa maoni yangu, kituoni ni pa kupata namba, majina na ripoti fupi. Baada ya hapo barua ina nguvu kuliko miguu. Familia isisubiri kukataliwa mara tatu ndipo iandike. Iandike wiki ileile inapopata namba ya TAR, ipigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na nakala hiyo ikae na mtu mmoja. Barua za namna hii zinafaa zaidi kwa wizara na mamlaka nyingine kuliko kwa polisi, kwa kuwa huko hakuna upelelezi wa kujikingia: leseni ya basi, historia ya ukaguzi wake, mkataba wa matengenezo ya barabara.

Nani ataomba?

Swali hili huvunja familia kabla ya taarifa yoyote kupatikana. Kituoni ripoti huweza kuchukuliwa na yeyote aliyetangulia: shemeji, mke wa pili, au mtu aliyejitolea "kuwasaidia" kule mochwari. Sheria ya taarifa haiulizi undugu wenu, ingawa kwa kumbukumbu za hospitali undugu huo utahitajika ili faragha isiwe kikwazo. Bima na madai ya fidia huweza kutaka zaidi: msimamizi halali wa mirathi, anayepatikana kwa kuanzia ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Serikali kuchukua barua ya kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani. Kazi hiyo huchukua miezi. Basi kabla matanga hayajavunjwa, wazee wakiwa bado pamoja, chagueni mtu mmoja wa kuongea na ofisi zote na muandike mbele ya mwenyekiti wa LC1. Mjane asisukumwe pembeni katika uchaguzi huo. Ndiye atakayelea watoto, na ndiye mara nyingi wa mwisho kuambiwa karatasi ziko wapi.

Kesi ya jinai na uchunguzi wa kifo mahakamani

Dereva akishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, taarifa zinageuka kuwa ushahidi na kusomwa hadharani. Kwa wengi hii ndiyo njia pekee ya kusikia mashahidi wakihojiwa, tena kwa kiapo. Kuingia mahakamani ni bure. Baadaye mnaweza kuomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi kwenye masijala, kwa ada, na nakala hizo zina uzito kuliko ripoti yoyote ya kituoni.

Lakini kesi si yenu. Ni ya serikali dhidi ya dereva, na mwenye haki ya kuonyeshwa ushahidi mapema ni mshtakiwa, si mfiwa. Tarehe zinaweza kubadilishwa bila mtu kuwapigia simu. Ukilinganisha na barua, hapa mnapata kwa kina zaidi lakini hamshiki usukani. Kinachosaidia ni kumjua mwendesha mashtaka kwa jina, kumpa namba ya simu ya msemaji wa familia, na kumuuliza swali moja kila mnapomwona: tarehe inayofuata ni lini, na shahidi gani anatarajiwa? Kuna hatari nyingine ambayo naisema waziwazi: mwenye gari akija na bahasha ya rambirambi na karatasi ya kusaini, mara nyingi kilichoandikwa ndani ni kwamba familia imeridhika. Karatasi hiyo inaweza kuwarudia katika madai ya fidia. Pokeeni pole, msisaini kitu ambacho wakili hajakisoma.

Uchunguzi wa kifo chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ni jambo jingine, na unasahauliwa mno. Hapo hakimu anakaa kutafuta jinsi mtu alivyokufa, bila mshtakiwa. Unafaa pale ambapo hakuna aliyekamatwa. Mashtaka yakishafunguliwa, kwa kawaida njia hii husimama kupisha kesi. Haufanyiki mara nyingi, na hautawapa fidia. Unawapa majibu yaliyoandikwa na mahakama.

Bima na wakili

Sheria ya bima ya lazima kwa magari ni ya 1989, na kiwango chake cha fidia kwa mtu mmoja ni shilingi milioni moja. Familia huuza ng'ombe kufuatilia fedha hiyo, na gharama za ufuatiliaji huimeza. Hata hivyo bima ina thamani nyingine: stika kwenye kioo ina jina la kampuni, kampuni inamjua mwenye gari, na ikilalamikiwa inajibu mbele ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambayo ina dawati la malalamiko. Pigeni picha ya stika na ya namba ya gari mapema, gari likiwa bado uani kwa polisi. Likishachukuliwa na mwenyewe, mtakuwa mnamtafuta mtu badala ya karatasi.

Huku mipakani Busia na Malaba, na upande wa Kongo, gari huweza kuwa la kigeni. Kama linatoka Kenya, dereva anapaswa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mipaka, na namba yake iandikwe kwenye ripoti ya polisi. Ikikosekana humo, ombeni iongezwe kabla trela halijavuka.

Wakili ni ghali, lakini katika madai ya fidia ana kitu ambacho njia nyingine hazina: mahakama inaweza kuulazimisha upande wa pili utoe nyaraka zake. Ratiba ya dereva, rekodi za matengenezo ya basi na mkataba wa kazi havimo kwenye faili la polisi, na kampuni binafsi si taasisi ya umma ya kuandikiwa barua chini ya sheria ya 2005. Kwa wasio na uwezo, kuna Justice Centres Uganda, FIDA Uganda (chama cha mawakili wanawake) na mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili. Waendeeni mapema, kwa sababu madai ya vifo yana ukomo wa muda. Gari likiwa la serikali au la halmashauri, dai lina ukomo wake maalumu, na siku hizo hazisimami eti kwa kuwa mnangoja ripoti.

Asiye raia wa Uganda

Hapa ulinganisho unabadilika kabisa. Haki ya Ibara ya 41 imeandikwa kwa raia. Mkongomani anayeishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Msudani Kusini aliye kambi ya Kiryandongo, au familia ya Mkenya aliyefia kati ya Malaba na Kampala, ikiandika barua kwa majina yake inaweza kurudishwa kwa sababu hiyo moja. Kwao kituoni kunabaki njia ya kwanza, kwa sababu ripoti ya polisi hupewa mhusika na haidai uraia. Mkimbizi apite pia kwa afisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi, kambini, na Mkenya apite ubalozini. Na kama marehemu ana mke, mtoto mkubwa au shemeji aliye raia wa Uganda, mtu huyo ndiye aandike ombi. Mahakamani na kwenye bima, uraia haupimwi kwa kipimo hicho.

Mchague vipi

Dereva anajulikana, ameshtakiwa, na mnataka kujua ukweli: wekeni nguvu kwenye kesi, mhudhurie, na barua zielekezwe wizarani kuhusu leseni na ukaguzi wa gari. Polisi wenyewe watawakatalia faili, na katika hatua hiyo wana sababu.

Mnahitaji fidia kwa ajili ya ada za watoto: ripoti ya kituoni, Fomu 48, cheti cha kifo, stika, kisha wakili. Msimalize nguvu kwenye ile milioni moja ya bima; dai la maana liko kwa mwenye gari.

Upelelezi umelala, mpelelezi hapokei simu: barua kwa Naguru ikiuliza mambo matatu tu, yaani faili liko wapi, liko chini ya nani, na lilifanyiwa kazi mara ya mwisho lini. Pamoja nayo, lalamiko kwa kitengo cha viwango vya kazi cha polisi. Kama mliombwa rushwa, pelekeni kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, mkiwa na tarehe na jina.

Aliyegonga alikimbia na gari halijulikani: bima hamna, mshtakiwa hamna, na ripoti ya kituoni itakuwa mistari michache. Kamera za barabarani na za maduka ya karibu ziulizwe siku za mwanzo, kwa kuwa picha hufutwa na picha mpya. Nendeni wenyewe kwa mwenye duka mumwombe aihifadhi, na mumjulishe mpelelezi kwa maandishi. Baada ya hapo andikeni kwa hakimu wa eneo ajali ilipotokea, mkimjulisha kifo na kumwomba afanye uchunguzi. Ambatisheni namba ya TAR, nakala ya Fomu 48, majina ya waliofika kwanza kwenye tukio na majina ya boda waliombeba marehemu hospitali, kwani hao ndio hakimu atakaotaka kuwasikia, na ni rahisi kuwapata mwezi wa kwanza kuliko mwaka wa pili.